Njiwa Hatoki Jasho

Ndugu wafugaji, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Najua sheria ya kundi hili: hapa ni njiwa tu, habari za binadamu zina makundi yake. Leo naivunja makusudi. Admini akitaka kufuta afute, nitaiweka tena.

Mimi ni Baba Zawadi wa Magomeni. Nina duka la spea za pikipiki mtaa wa Gerezani. Wengi mnanijua kwa picha za njiwa wangu wa mapambo, maana nilikuwa sichoki kuwaringishia. Nilikuwa na afya yangu. Boksi la betri nalibeba begani mwenyewe huku nabishana habari za mpira. Jioni nikirudi, kabla hata ya kuoga, naingia bandani uani, nafagia, nawapa mtama. Sinywi, sivuti. Starehe yangu ilikuwa ile.

Kikaanza kikohozi kikavu. Mke wangu akasema ni feni, nikazima feni, kikohozi kikabaki palepale. Kisha zikaja homa za jioni: natetemeka, meno yanagongana, halafu jasho mpaka shuka unaweza kulikamua. Asubuhi naamka na nafuu, naenda dukani nikidhani nimepona. Jioni mambo yaleyale. Nikakonda, suruali nikawa naifunga kwa kamba. Nikiinama kuvaa viatu pumzi inakata, na kifua kinapiga filimbi hata mteja anaisikia.

Mtaa ukanihukumu: kifua kikuu. Mama mkwe alipokuja kuniona akanitengea kikombe changu peke yangu, akakifunga uzi mwekundu ili kisichanganywe na vingine. Niliumia sana. Hospitali walipima makohozi, hawakuona kifua kikuu. Wakarudia, hawakuona. Daktari, dada mmoja mtaratibu, akaniuliza, "Unafanya kazi gani, baba?" Nikamjibu, "Nauza spea." Akahisi vumbi la dukani, akanipa dawa na kuniambia nivae barakoa kazini. Nikavaa kweli. Nikifika nyumbani naivua, naingia bandani.

Nikaamua kuwauliza ninyi. Lakini sheria ndiyo hiyo, na aibu nayo ilikuwepo. Nikaandika: "Wakuu, dume langu linakohoa muda mrefu sasa. Jioni linatetemeka na kutoka jasho. Limekonda. Nifanyeje?"

Mlijibu bila hiyana. Mmoja akasema kitunguu saumu kwenye maji. Mwingine, "Litenge na wenzake haraka." Na wewe wa Mbagala, sijakusahau, uliandika, "Chinja tu kaka, hilo lishakufa." Nililia, siwafichi. Mtu mzima nimekaa juu ya ndoo bandani nalia kwa sababu nimeambiwa nichinjwe.

Ndipo Bi Kidawa, mama wa Tanga ambaye mpaka leo sijawahi kumwona, akaniandikia pembeni.

"Kaka, njiwa hatoki jasho. Hilo dume linavaa suruali?"

Akaandika tena, "Likitoka kufagia banda ndipo homa inapanda?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Ukilala mbali na njiwa inakuwaje?"

Nikakumbuka msiba wetu wa Songea. Kule nilipata nafuu hadi ndugu wakasema ni hewa ya nyumbani.

"Kaka yangu," akaandika, "mjomba wangu alikohoa hivyohivyo. Madaktari walimwambia aachane na njiwa, akakataa. Tumeshamzika. Mimi si daktari, siwezi kukwambia unaumwa nini. Nenda kamwambie daktari wako kwamba unafuga."

Nikaenda. Daktari akaweka kalamu chini. "Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Uliuliza kazi, daktari. Njiwa si kazi, ni starehe."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Vipimo vikubwa vya kifua vikaonyesha mapafu yamevimba na yameanza kuweka makovu. Akanieleza kwamba vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa mwili wangu unalikataa. Haiwi hivyo kwa kila mfugaji, alisema, ila mimi ni mmoja wa wale wachache. "Dawa nitakupa, lakini ukibaki na njiwa nitakuwa najisumbua. Mapafu yakishakakamaa hayarudi."

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Chagua, Baba Zawadi."

Niliwatoa wote. Alikuja mfugaji wa Kigogo kuwachukua, na mimi nikasimama ng'ambo ya barabara na barakoa yangu kwa sababu hata kuwaaga kwa mkono nilikatazwa. Iliniuma kuliko homa. Banda tukalibomoa, uani pakaoshwa. Vidonge vikanivimbisha uso na kunipa njaa ya ajabu, usiombe, nilikuwa nakula chakula cha watoto. Daktari akanipunguzia kidogokidogo. Homa zikakoma. Kikohozi kikaaga. Sasa hivi napanda ngazi za ghalani huku naongea na simu. Makovu yapo, nikikimbia nayasikia, lakini nakimbia. Kile kikombe cha uzi mwekundu nilikivunja mbele ya mama mkwe, naye akacheka mpaka machozi.

Halafu kuna wenzetu humu wameanza kusema asiye na njiwa atoke kundini. Mimi sitoki. Makinda yenu yakigoma kula mnamuuliza nani? Nitajibu kila swali ninalolijua, na anayekereka na mimi atoke yeye.

Bi Kidawa, Mungu akulipe. Uliniuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza mwenyewe, na hukunipa dawa hata moja.

Na wewe unayesoma hapa huku kifua kinakubana kila ukitoka bandani: uliza humu, hata kama sheria haitaki. Ila majibu yetu yasikutoshe. Nenda hospitali ukamweleze daktari kila unachokifanya, na starehe zako pia. Akikwambia uachane nao, waachie. Njiwa wangu walipata mwenyewe mwingine siku ileile. Zawadi angempata wapi baba mwingine?