Chen Wameshindwa Tena

Dirishani pa vyeti vya kuzaliwa, Nachingwea, mbele yangu bibi mmoja wa Marambo alikataa kitukuu wake aandikwe Chen.

"Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama."

Baba mtu, Mchina mpima ardhi wa Ruangwa, akajitetea: "Bibi, Chen ilikuwa nchi. Iliposhindwa vitani, watu wakachukua jina lake lisipotee. Tumetoa wafalme, majemadari…"

"Mko wengi?"

"Mamilioni, Bibi."

"Basi, mjukuu wangu, huyu mmoja tuachie."

Karani akakohoa. "Bibi, fomu haina mahali pa ukoo wa mama."

"Haina? Andika hiyo Chen. Fomu ni ya serikali, mtoto ni wangu."

Akambeba mtoto mgongoni, akakaza kanga, akatoka. Baba akamfuata na cheti mkononi, anacheka. Nchi ya Chen imeshindwa tena, safari hii bila vita.