Ukucha wa Dobi

"Nakwambieni, yule dada dobi anafuga ukucha wa uchawi," alisema Redio, jirani ambaye habari haikulala kwake hata siku moja. "Wa kidole cha shahada tu! Nyingine zote kazikata. Wa nini, kama si wa kufukulia makaburi?"

Wanawake waliopanga foleni bombani wakaangua kicheko. Mzazi, mwenye mtoto wa miezi mitatu mgongoni, naye akacheka, kisha akatia lake: "Hata mimi nimeuona. Mrefu kama wa mwewe."

Na alijua fika ukucha ule ni wa nini. Chumba chake na cha dobi vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na kila jioni alimsikia akipambana na ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne. Siku moja alichungulia kwenye ufa. Dobi alikuwa amekunja vidole kama aliyeshika yai. Hakudonoa nyuzi kwenda juu. Mkono mzima ulishuka. Ukucha uligonga uzi mmoja, ukashuka tena ukafagia nyuzi zote, na kidole gumba kikatua kwenye uzi wa juu kabisa, kikauachia mkono ulipoinuka. Ta, cha-ka. Ta, cha... Gumba lilichelewa. Akaanza upya.

"Unapiga muziki au unaparua sufuria?" aliuliza mama mkwe wa dobi kutoka kitanda cha pili mle chumbani. "Ndiyo maana mwanangu hajarudi."

Dobi aliendelea kupiga. Jumamosi bendi ya ukumbi wa dansi wa mtaani ingechagua mpigaji mmoja, naye miaka kumi na mmoja ya kufua shuka za wageni ilikuwa imemfika kooni. Ukucha ule aliulea miezi miwili, akifua huku kidole amekivika kipande cha puto.

Maneno hayana miguu, lakini hufika. Alhamisi yalifika kwenye nyumba ya wageni. Msimamizi alimwita dobi mbele ya wenzake, akamgeuzageuza mkono kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Shuka zangu wanalalia watu. Ushirikina peleka kwenu."

Akaukata kwa mkasi wa vitambaa, ukucha na nyama kidogo. Wenzake wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama damu ya mchawi nayo ni nyekundu.

Ijumaa jioni Mzazi alisikia ukutani ta, kisha kimya. Ta, kimya. Nyama haigongi uzi, inaupapasa tu. Mama mkwe alicheka hadi akapaliwa.

Punde mlango wa Mzazi ukabishwa.

"Hodi, mdogo wangu."

"Karibu, dada."

Dobi aliingia kidole kimefungwa kitambaa, mkono wa pili ameshika mkasi mdogo na gundi. Alimtazama mtoto aliyelala, kisha vidole vya mama yake. Tangu ajifungue, Mzazi alifuliwa na wifi yake, na kucha zake zilikuwa zimeota ndefu, safi. Akazificha chini ya nguo ya mtoto. Nani asiyejua kwamba ukucha wako huuachi mikononi mwa mtu?

"Najua wananisema," dobi alisema. "Nyumba nzima hii, wewe peke yako hukunicheka. Nakuomba, mdogo wangu, nikatie ukucha wako mmoja nikaubandike. Kesho ndiyo Jumamosi."