Sambo Mbili za Mkia Mmoja

Sambo ni kikuku cha zamani cha huku kwetu. Unachukua singa za mkia wa ng'ombe, unazishika kifungu chembamba, kisha unazizungushia waya wa shaba mpaka singa zisionekane. Bibi alinifundisha kwa zile alizovaa miguuni akiwa msichana. Alikuwa na sharti moja: mkia mmoja, mtu mmoja. Singa zikibaki, choma.

Mimi waya naupata kwenye mota zilizoungua za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu kule kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Mdogo wangu alikuwa anachimba huko, nikamfungia sambo ya mkononi. Mwenzake wa shimo, Mzinza kutoka upande wa Geita, akamcheka mbele yangu.

"Msukuma, ng'ombe umemwacha, mkia umekuja nao?"

"Wewe ulikuja na nini? Si njaa tu?"

Wiki ileile Mzinza akaja peke yake. "Shikamoo dada. Na mimi nifungie mkia, lakini usimwambie."

Nilicheka. Singa zilikuwa zimebaki, sikuwa nimezichoma. Nikamfungia. Niliona uvivu kutafuta mkia mwingine, huo ndio ukweli.

Shimo lao liliporomoka wakati wa mvua, wote wawili wakiwa ndani. Siku ya tisa ukatolewa mwili mmoja, kisha maji yakajaa na kazi ikasimama. Uso ulikuwa umeharibika kabisa. Nikaitwa nitazame sambo ya mkononi.

"Ndiye?" baba aliuliza.

Nilijua sambo za mkia ule zipo mbili. Baba alikuwa ameegemea ukuta kwa mikono yote. Nikasema, "Ndiye."

Tukazika nyumbani. Siku ya tatu ya matanga akafika mama yake yule Mzinza, akakaa nasi kwenye mkeka, akanisogelea.

"Pole mwanangu. Nasikia wenu mlimjua kwa kikuku. Wangu aliniambia kwenye simu kwamba dada wa rafiki yake amemfungia. Vilifanana?"

"Havikufanana, mama."

Akanishukuru. Akasema basi atakwenda kukaa palepale shimoni mpaka wamtoe wake.

Nilivumilia siku mbili. Siku iliyofuata nikaenda Mwakitolyo, nikamkuta ameketi juu ya kifusi, sanda mpya iko mapajani ndani ya mfuko wa plastiki. Wachimbaji walikuwa wanampita bila kumtazama. Nilipiga magoti nikamwambia yote.

Hakunitukana. "Kwa hiyo mliyemzika anaweza kuwa wangu?"

"Anaweza, mama. Au wetu. Sijui."

"Nipeleke."

Nyumbani tulimkuta mama yangu akipalilia majani pembeni ya kaburi. Nikamwambia na yeye, hapohapo, kwa Kisukuma, maneno yaleyale. Jembe lilibaki mkononi. Alimtazama yule mama, akatazama udongo, akasema, "Karibu." Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mgeni akakaa chini upande wa miguu, akaanza kumlilia mwanawe kwa lugha yao. Mimi nilisimama katikati, sikujua niende kwa nani. Baada ya muda nikamsikia mama naye, kule ndani, analia upya, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi.