Desibeli Mbili za Mama

Mashine ya mama yangu ilipozimwa, kelele kwenye mlango wa kanisa zilipungua kwa desibeli mbili tu.

Ilikuwa Jumamosi, Kanyakine. Kanisa jirani lilikuwa limelalamika kwamba mashine yake ya kusaga mahindi inaharibu mazoezi ya kwaya, na afisa wa mazingira alikuja na kipima sauti ili iamuliwe kama itabaki au itahamishwa. Kuhama kulikuwa sawa na kufunga. Mama hakuwa na kiwanja kingine.

Nilikulia ndani ya ngurumo ile. Tukitoka shule tuliisikia tukiwa bado mteremkoni, na mlio wake ulitwambia kama mahindi yamejaa au yanaishia. Hata mezani mama aliomba chumvi kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Siku hizi naishi Embu, mtaa mtulivu, na utulivu wenyewe sijauzoea.

Siku ile kwaya nzima ilijitokeza ili afisa ajionee wanavyoteseka. Walisimama mlangoni wakaimba kwa kushindana na mashine, besi zikitetemesha vioo. Kipimo kikasoma sabini na mbili. Afisa akamwashiria mama azime. Kwaya haikupunguza hata kidogo. Sabini.

Mama, nyusi zikiwa nyeupe kwa unga, akamgeukia kiongozi wa kwaya.

"Mwalimu, mimi ni mbili, nyinyi ni sabini. Nani anamsumbua mwenzake?"

Wanawake waliopanga foleni na mahindi yao wakaangua kicheko. Mwimbaji mmoja wa besi naye alicheka.

Afisa alieleza kwa upole kwamba desibeli hazijumlishwi wala kutolewa kama madebe ya mahindi: mashine mbili za sabini hufanya sabini na tatu, si mia moja na arobaini. Alipiga hesabu kwenye simu, akapata kwamba mashine peke yake ilikaribia sitini na nane. Ila tofauti ya vipimo viwili ikiwa chini ya tatu, alisema, jibu haliaminiki. Ni lazima apime tena, kwaya ikiwa kimya.

Wakakubali kunyamaza. Mama akabonyeza swichi, mashine isiwake: stima ilikuwa imepotea. Afisa alingoja mpaka akachoka, akaaga akisema atarudi.

Hajarudi. Malalamiko ya kanisa hayajaondolewa, mama bado anasaga, na sauti ya mashine yake pale mlangoni haijawahi kupimwa peke yake.