Kilo Sitini na Moja

Mume wangu Eliud alianza kung'oa viti vya gari Jumatatu, na kufikia Jumatano nilikuwa nimepata sofa. Wengine hununua sofa Gitega mjini. Yangu ilikuja kichwani mwa fundi, inanuka petroli, na mikanda yake ya usalama inaning'inia.

Gari lenyewe ni kuukuu, la milango minne, limepigwa rangi mara tatu na kila rangi bado inaonekana. Eliud alilinunua baada ya sisi kurudi kutoka Tanzania, kwa mzee aliyechoka nalo, akalifufua mwenyewe. Eliud ni fundi. Nalisema hilo kwa sababu hapa Nyarusange wanamwita mkulima, na shamba letu linajua kuwa si kweli.

Shamba ni nusu. Babu yake Eliud alililima lote. Ukoo ulipokimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili likashikwa na watu wengine, na sisi tuliporudi tulimkuta humo Nazario na mkewe Melania, na migomba minene kama mapipa. Tume ya ardhi ikaja, ikapima, ikagawa katikati. Wao wakapata sehemu ya juu inayogusa barabara, sisi ya chini inayogusa mto. Njia ya miguu tulipewa. Njia ya gari hakuna aliyeiwaza, maana nani alitegemea mkimbizi arudi na gari? Eliud alipoomba kupita kando ya migomba, Nazario alisema gari hilo halitakanyaga udongo wake, na yeye hatalikalia hata siku akiwa maiti. Kwa hiyo miaka mitatu gari lililala kituoni, mbele ya duka la Kasilda, nusu saa kwa miguu, na fundi akilala nyumbani akiliota.

Ndipo Houssein wa Muyinga, mwenye mabasi madogo sita, akatangaza siku yake ya mwendo kasi. Kila mtu aje na gari lake la kawaida, lile la kwendea sokoni, azunguke peke yake kwenye njia ya vumbi aliyoichonga nje ya mji, saa ikimhesabia. Fundi ambaye gari lake lingezunguka upesi kuliko yote angepewa karakana ya yale mabasi, na nyumba nyuma yake. Nyumba yenye njia ya gari! Nilianza kufunga vyombo moyoni siku hiyo hiyo.

Eliud alitangaza kwamba adui ni uzito. Alibakiza kiti cha dereva tu. Vingine vyote vikatoka, pamoja na zulia, keria, redio na tairi la akiba. Alivipima kimoja kimoja kwenye mizani ya Kasilda ya maharage, akajumlisha: kilo sitini na moja. Aliitaja hesabu hiyo mezani kama mtu anayetaja uzito wa mtoto aliyezaliwa. Kisha akabadilisha vitambaa vya breki, akamwaga mafuta ya breki ya zamani na kutoa upepo kwenye mabomba, akafunga shokamzoba ngumu zaidi, akakaza betri isiruke, na kila nati ya gurudumu akaiwekea alama ya rangi nyeupe, ili ikilegea aione. Nilimwambia angenikazia na mlango wa jikoni. Akasema baada ya Muyinga.

Siku moja kabla ya safari, Nazario akashuka kwetu. Hakuwa amewahi kushuka. Alisimama nje, fimbo mkononi, akakataa kuingia.

"Nasikia gari lako sasa lina nafasi," alimwambia Eliud.

Hakuwa anaomba, alikuwa anatupa taarifa. Binti yake Anisia alikuwa amejifungua Muyinga, na familia ilipaswa kwenda *guhemba*, kumpelekea mzazi chakula na pombe. Kukataa kumbebea mzazi chakula, na huku una gari lisilo hata kiti, ni aibu ambayo ingesimuliwa mpaka Buraza. Eliud alinitazama. Mimi nikatazama sofa yangu.

Asubuhi wakapakia kituoni: madumu mawili ya pombe ya ndizi, gunia la maharage, mikungu miwili, kikapu cha unga wa mtama, kuku watatu. Kasilda, kwa kupenda mambo, akaleta mizani. Kilo mia moja na sitini. Melania hakupimwa, kwa heshima. Aliketi juu ya gunia la maharage, kitenge kipya, mgongo wima. Nazario alisindikiza kwa macho kutoka mbali, asije akaonekana ameligusa gari.

Ya Muyinga nimesimuliwa na watu wawili, na kila mmoja anajitetea. Walifika wamechelewa, maana kupitia Karuzi Melania alisimamisha gari mara nne ili kuku wapumue. Namba ya Eliud ilikuwa imeitwa mara mbili.

"We fundi, zamu yako ni sasa," Houssein alimwambia. "Mvua iko inakuja, tunafunga. Shusha mama na vitu vyake hapa, gari iko nzito sana!"

Eliud akafungua mlango wa nyuma. Melania hakusogea.

"Kikapu cha mzazi hakitui njiani," alisema. "Kwetu kinatua mlangoni kwake. Mimi siteremki."

Hapo ndipo ningetaka niwepo. Mtu anayenipenda angemnyanyua mama yule taratibu, yeye na gunia lake, akamweka kwenye nyasi. Eliud alifunga mlango, akaketi, akazunguka na vyote. Anasema kila kona aliingia polepole, akilisikiliza dumu. Waliokuwa pale walicheka mpaka wakakaa chini. Kijana aliyeshinda alitumia dakika moja na sekunde hamsini na nane. Eliud alitumia dakika tatu na sekunde hamsini na mbili, na pombe haikumwagika hata tone. Karakana ikaenda, na nyumba ikaenda nayo.

Aliporudi nililia, na si kwa ustaarabu. Nilimuuliza yeye ni mume wangu au ni punda wa Nazario. Akasubiri nimalize.

"Tukiwa Karuzi," akasema, "Melania alinionyesha viganja vyake. Aliniambia, 'Hivi ndivyo vilimwosha bibi yako.'"

Bibi yake Eliud alikataa kukimbia mwaka ule. Hilo tulilijua. Alikofia hatukujua, tuliwauliza watu miaka yote tangu turudi, nao wakatazama pembeni. Kumbe Melania, bibi harusi mpya wakati huo, ndiye aliyemwosha na kumzika, kule juu, na kila mwaka alipalilia pale bila kumwambia mtu, kwa kuogopa tukijua kuna kaburi letu tungedai na ile nusu ya pili.

"Ningemshusha vipi?" Eliud akauliza.

Nilikuwa bado na hasira, ila nilikosa pa kuiweka.

Wiki iliyofuata nilisikia panga juu. Nazario alikuwa anakata migomba, kumi na mmoja, mstari mzima kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu, upana wa gari. Nilidhani ameguswa moyo. Nikamwambia Melania hivyo, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mdogo wake Anisia naye ana mimba," alisema. "Unafikiri Nazario atabeba madumu hadi kituoni tena?"

Jioni gari likashuka kwa mara ya kwanza. Liliingia polepole, likapita karibu na kaburi ambalo sasa lina mawe yetu kuzunguka, likasimama mlangoni. Nazario alilifuata nyuma kwa miguu, akihakikisha halikanyagi mgomba ambao hakuukata. Mvua ikaanza, ikabidi aingie ndani. Nikamkaribisha kwenye sofa. Akaketi, akajaribu springi zake, akaushika ule mkanda unaoning'inia na kuugeuzageuza.

"Hiki ni kiti cha wapi?" akauliza.

"Cha gari," nikamjibu.

Aliuachia mkanda. Kisha akaegemea nyuma, akaomba chai.