Mgeni Hajapewa Kigoda

Serafina, au Mama Noela kama anavyoitwa Kharumwa nzima, ana vyeti viwili: cha ubatizo na cha darasa la saba. Kichina alikipata jikoni, miaka sita akiwapikia Wachina kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu. Kama kungekuwa na chuo cha kumenya vitunguu huku unagombezwa kwa lugha ya ugenini, leo angekuwa profesa.

Mtambo ulipohama, aliajiriwa kwenye kituo cha watoto wadogo. Kuwafundisha watoto Kichina, alianza na uji. Anayetaka uji auombe kwa Kichina. Anayetaka sukari zaidi, azidishe adabu. Mikono ikinawiwa, maji yanatajwa. Aliyekosea hakukaripiwa, Serafina alilirudia neno taratibu mpaka mtoto akalichukua mwenyewe. Mwaka haujaisha, watoto ishirini na wawili wa wafugaji na wachimbaji walikuwa wakigombana kwa Kisukuma, wakishtakiana kwa Kiswahili na kuomba uji kwa Kichina.

Jambo hilo lilimkera Herman, mwenyekiti wa kamati, mtu wa shahada moja na tai moja. Kwake yeye, lugha isiyo na cheti ni kelele. Alileta televisheni yenye katuni za Kichina. Watoto waliisalimia siku mbili, haikuitikia, wakaona haikulelewa vizuri. Ndipo Herman akatangaza: siku ya wazazi, Bi Liu, mke wa mhandisi mmoja kutoka Geita, atawapima. Wakishindwa, darasa lichukuliwe na televisheni, Serafina arudi kwenye masufuria.

Siku ilipofika, Herman alimsimamisha mgeni mbele ya watoto, kipaza sauti mkononi. Bi Liu akawauliza majina yao kwa Kichina. Kimya. Akauliza tena, polepole. Watoto wote wakavikodolea macho vidole vyao vya miguu. Wazazi wakaanza kukohoa, naye Herman akatabasamu kama fisi aliyesikia kuna ng'ombe anaumwa.

Serafina aliyasikia masufuria yakimwita. Akamtafuta kwa macho Bujiku, msemaji kuliko wenzake wote. Bujiku alikuwa anachungulia nyuma ya mgeni, mahali ambapo kiti kilipaswa kuwepo. Hapo Serafina akaelewa. Ni yeye mwenyewe aliyewafunza, kama alivyofunzwa na mama yake: mkubwa akiwa bado amesimama, hajapewa hata maji, mtoto hafungui mdomo. Na msomi wetu alikuwa amemsimika mgeni juani kama nguzo ya umeme.

Akaingia jikoni, akatoka na kigoda na kikombe cha maji.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema. "Mgeni hajakaribishwa."

Lusia, mmoja wa watoto, alipeleka kigoda, akapiga goti. "Qing zuo," akamwambia: karibu uketi. Bujiku akafuata na kikombe, mikono miwili. "Qing he shui," bibi anywe maji.

Bi Liu aliketi, akanywa, akashukuru. Basi, bwawa likabomoka. Walimwambia majina, umri, nani amekojoa kitandani, na ng'ombe yupi wa kina Bujiku ana mimba. Bi Liu alicheka mpaka akafuta machozi.

"Wanangu mwenyewe hawanipi maji hivi," alisema kwa Kiswahili chake cha Geita. "Mwalimu wao nani?"

"Ni mwalimu wetu," Herman akawahi kujibu, kifua mbele, utadhani amemzaa.

"Wabeja, Mama Noela," wakashukuru wazazi kwa Kisukuma, kila mmoja kwa zamu yake.

Jumatatu Herman alikuja kukagua, saa ya uji kamili, akanyoosha kikombe. Serafina aliuinua upawa, akatulia.

"Hapa uji unaombwa, Mwenyekiti," alisema. "Bujiku atakusaidia."