Mpaka Alasiri

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa Jeppestown, mtu wa Tanga mwenye vidole vyembamba, hategemei namba za kwenye kioo peke yake. Kila akiiongezea prosesa kasi hatua moja kupita ilivyotoka kiwandani, huweka mgongo wa mkono penye tundu la hewa, kama mama anayepapasa paji la mwanawe, kisha huandika kwenye daftari. Kasi ikimpendeza, huibebesha mashine kazi nzito mfululizo, tangu adhuhuri mpaka alasiri.

Nyaboke, mhariri wa filamu aliyeleta mashine yake iongezewe kasi, alikuwa na kazi ya kukabidhi jioni hiyo. "Fundi, masaa mawili haijazimika. Si niibebe tu niende?"

"Alasiri bado, dada," alijibu kwa upole bila kugeuka.

Dakika kumi kabla ya adhana, kioo kikaganda. Nyaboke alishika kichwa. Fundi alitabasamu kama aliyeshinda. "Bora igome kwangu kuliko ikugomee kazini." Akapunguza kasi hatua moja, akaanza kupima upya, akatandika msala.

"Eish! Sasa mpaka lini?"

"Magharibi."

Nyaboke akavua koti, akampigia mteja wake simu. "Filamu ni kesho," alisema kwa maringo. "Fundi wangu hajaridhika."